Sokonoi ya Kariakoo: miezi mitano kinywani mwangu, na maksi zake

Kazi yangu ni mdomo. Nasherehesha harusi, sendofu, kicheni pati, na siku hizi hata kipaimara, kwa hiyo hela yangu yote ya mwezi imekaa kooni. Novemba, kwenye sendofu moja ya Tabata, nilikuwa namkaribisha baba mkubwa wa bibi harusi aje kutoa neno la familia. Nimefika katikati ya jina lake, kikohozi kikanishika. Kile kikavu kisichotoa kitu, kinachotekenya kama mtu amekupitishia unyoya kooni. DJ, Mungu ambariki, akapandisha muziki kunifichia aibu. Baba mkubwa kasimama pale na suti yake mpya, anasubiri jina lake la pili.

Usiku ule nikajua hili si la asali na limau tena. Asali na limau nilishamaliza. Tangawizi nilichemsha mpaka jirani wa juu akauliza kama nimefungua mgahawa. Dawa za maji za duka la dawa nilikunywa chupa mbili: ya kwanza ilinilaza kwenye daladala nikapitilizwa Tabata Bima nikaamkia Kinyerezi, ya pili ilikuwa ya elfu sita na mia tano na ladha yake ilikuwa nzuri kuliko kazi yake. Mwarobaini sikuugusa. Utotoni Korogwe mama alitunywesha kikombe kizima kila tukipata homa, tumejipanga foleni kwa umri, na mpaka leo nikipita chini ya mti wake nashika tumbo.

Aliyenitajia sokonoi, mti ambao gome lake ni dawa, ni mama mmoja wa mapishi, mwenyeji wa Monduli, tunakutana naye kwenye shughuli karibu kila mwezi. Alinisikia nakohoa nyuma ya jiko akasema, "Dada, wewe unahangaika na majani ya chai wakati Wamasai wamejaa Kariakoo? Kanunue sokonoi. Lakini nunua gome, poda achana nayo." Hayo maneno ya mwisho sikuyatilia maanani. Mtayaona mbele.

Niwe mkweli, Wamasai wa dawa nilikuwa nawapita kama napita nguzo za umeme. Nilidhani wote wanauza ya nguvu za kiume na ya kusafisha nyota. Pia mimi nina historia: mwaka 2011 nilikuwa mmoja wa waliolala kwenye foleni ya magari kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo. Nililipa shilingi 500 yangu, nikanywa, nikarudi na vumbi la siku tatu na mafua niliyoambukizwa garini. Tangu hapo nikisikia neno "dawa ya mti" huwa nauliza maswali mengi kabla ya kufungua pochi.

Yule niliyemkuta anakaa upande wa Msimbazi, si mbali na kituo cha mwendokasi. Ametandika turubai, juu yake magome yamepangwa kwa unene, mizizi imefungwa kwa kamba za katani, na chupa chache za unga. Ni kijana, labda miaka thelathini na kitu. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikachuchumaa.

"Nina kikohozi, mwanangu."

"Kina makohozi?"

"Hakina. Kikavu."

Akatikisa kichwa. "Sokonoi inapenda kile chenye makohozi, kile cha mafua, kifua kimejaa. Hicho chako itakutuliza, lakini kitarudi. Nikwambie ukweli, mama."

Mfanyabiashara wa Kariakoo anakwambia bidhaa yake haitakufaa sana! Nilipaswa kumsikiliza pale pale, nirudi nyumbani nikafikiri. Lakini mtu mwenye harusi mbili wikiendi inayokuja hasikii neno kama hilo. Nikamwambia anipe hivyo hivyo.

Akachukua gome moja, la urefu wa kiganja, akalivunja. Lilikatika kwa mlio, kama biskuti kavu. Nje lina rangi ya majivu na madoa madoa, ndani lina wekundu uliopauka. Akamega kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akanipa. "Tafuna. Usimeze haraka."

Sekunde za mwanzo hakuna kitu, unatafuna ubao tu. Nikaanza kumtazama kama tapeli. Halafu uchungu ukaingia, na haukuanzia mbele ya ulimi, ulianzia pembeni, kule nyuma karibu na magego, mate yakajaa mdomoni. Nikasema moyoni, kama ni hivi tu nimeshinda, mimi ni mtoto wa mwarobaini. Ndipo moto ukaja nyuma ya uchungu. Si moto wa pilipili mbuzi unaounguza midomo. Huu unapanda. Umepita ulimini ukauacha na ganzi, umefika kooni ukakaa, halafu ukatokea puani. Pua zote mbili zikafunguka kwa mpigo, machozi yakanitoka, na kinamama waliokuwa wanachagua vitenge jirani wakaacha vitenge wakanitazama mimi. Yule kijana katulia, ameshazoea. "Sasa meza mate," akasema.

Nikameza. Nikamjibu "asante" na ile asante ikatoka na sauti yangu ya zamani, nene, haijakwaruza. Koo lilikuwa kama chumba kilichofagiliwa kikafunguliwa madirisha. Nilipanda gari, nikafika nyumbani, nikapika, na kwa muda wa karibu saa moja na nusu sikukohoa hata mara moja. Halafu kikarudi, kama alivyosema.

Vipande vitatu vilikuwa elfu mbili. Vinakaa muda mrefu ukivihifadhi pakavu. Nilivyonunua Novemba viliisha mwishoni mwa Januari, na mimi natafuna kwa fujo.

Nyumbani nilijaribu kila namna. Kuchemsha: kipande cha urefu wa kidole cha shahada, nusu lita ya maji, dakika kumi za moto mdogo, kinatoa maji ya rangi ya chai nyepesi. Uchungu wake hauna simile. Nikatia sukari vijiko viwili, nikaharibu kabisa, maana sukari haifichi ule uchungu, inagombana nao tu, ukimeza unasikia wote wawili. Asali ni afadhali kidogo. Siku moja nilikunywa asubuhi kabla ya kula chochote, kiungulia kilichonipata kilinikalisha chini. Kwa hiyo wewe mwenye vidonda vya tumbo, hii si ya kukimbilia.

Kwenye chai ya maziwa ndipo ilipo raha. Mama wa mapishi ndiye aliyenielekeza: maziwa mengi kuliko maji, gome linaingia pamoja na majani ya chai, sukari mwishoni. Mafuta ya maziwa yanaushika ule ukali, unabaki joto la kifuani na uchungu wa mbali, kama wa kahawa. Na ukipata supu ya mbuzi, tupia kipande kinachemka nayo saa nzima. Wamasai huenda porini na ng'ombe au mbuzi wao, wanachinja na kula nyama siku kadhaa wakiwa wamechanganya supu na magome na mizizi, wanaita orpul. Zamani nilidhani ni ujasiri wa kula vitu vichungu. Sasa naelewa: supu ile yenye mafuta inahitaji kitu cha kuikata, na sokonoi inakata kweli kweli. Mume wangu, ambaye habari za miti shamba huwa hataki kuzisikia, aliomba bakuli la pili.

Kijana wangu wa kuzaa anasoma kilimo pale chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Nilimpigia kumuuliza kama najiua. Akanitumia maelezo marefu kuliko niliyoomba, ndiyo shida ya kusomesha. Mti wenyewe kitaalamu ni Warburgia ugandensis, unaota nyanda za juu za kaskazini kwetu, Kenya na Uganda. Wamasai wanauita osokonoi, Wakikuyu wanauita muthiga. Watu wa makabila mengi tofauti wanatafuna gome lake kwa kikohozi, homa, tumbo na jino. Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya viwavijeshi. Wale wadudu wanaofyeka shamba la mahindi usiku mmoja, wanasayansi waliwapa majani yaliyopakwa kitu kilichotolewa kwenye miti ya jamii hii, wakagoma kula. Utafiti huo ulitoka mwaka 1976, na kemikali yenyewe wakaiita warburganali, kwa jina la mti. Yaani kiwavijeshi, asiyejua kukataa sahani, anakataa sokonoi. Mimi nailipia.

Ule moto wa mdomoni nao una mwenyewe, poligodiali, na kwenye maabara imeonekana inaua fangasi. Lakini kijana akaniwekea mstari chini: mama, maabara si kifua cha mtu. Nikamjibu sawa mheshimiwa.

Sasa poda. Januari vipande vyangu vilikuwa vinakaribia kuisha, nina harusi, Kariakoo sina muda wa kwenda. Nikaingia duka moja la dawa za asili, sitalitaja, lina taa nzuri na dada aliyevaa koti jeupe. Kichupa cha poda ya sokonoi, elfu nane. Lebo ina picha ya simba. Nilihesabu magonjwa yaliyoandikwa, kumi na saba: kikohozi, pumu, presha, sukari, chango, ganzi, bawasiri, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, na karibu na mwisho kabisa, mvuto wa biashara. Tarehe ya kutengenezwa hakuna. Nikamuuliza yule dada kama imesajiliwa, maana nchi hii tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza lake kabisa. Akanionyesha ukutani. Nikasogea kusoma: leseni ya biashara.

Nikanunua. Najua. Msinihukumu, harusi ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Ile poda ilichoma ncha ya ulimi ikaishia hapo. Uchungu haukuwepo. Puani haikufika. Nilikohoa mara mbili kabla keki haijakatwa. Kesho yake nikachukua kipande cha mwisho cha gome, nikakitwanga kwenye kinu cha iliki, nikakichekecha kwa chujio la chai. Unga wangu ulitoka na rangi ya kakao iliyomwagiwa maziwa, na vumbi lake lilinipigisha chafya nane. Wa dukani una rangi ya kijivu, hauna chafya, na ukiunusa kwa utulivu ni pilipili manga ile ile ya kwenye pilau. Nikamtilia mume wangu chai mbili bila kumwambia. Ya poda ya dukani akasema, "Leo umeweka masala." Ya gome akanywa funda moja, akaweka kikombe chini taratibu, akaniuliza tumegombana lini.

Sina maabara, siwezi kuapa kilichomo. Ila elfu nane kwa pilipili manga ni wizi hata Krismasi.

Turudi kazini. Desemba na Januari nilipanda jukwaani na kipande kwenye shavu, upande wa kushoto, kama mvuta ugoro. Utaratibu niliougundua ni huu: tafuna dakika kumi kabla ya kuingia, tema makapi, usinywe maji ya baridi. Ukitafuna dakika moja kabla, ulimi bado una ganzi na utawaita maharusi "mahawusi", yalinikuta Mwenge mbele ya watu mia tatu. Ukifuata utaratibu unapata saa moja, saa moja na robo ya sauti safi. Inatosha kuingiza maharusi, kufungua shampeni na kukata keki. Wakati wa chakula unaongeza kipande kingine, zawadi zinakukuta uko tayari.

Dada mwenzangu wa kazi, ana mimba ya miezi mitano, aliniomba kipande. Nilimnyima akanuna. Sijui chochote kuhusu mti huu na mimba, na kitu kinachofukuza viwavijeshi sitakiweka kwenye mdomo wa mjamzito kwa mkono wangu. Watoto pia sikuwapa. Shangazi yangu naye alinishauri niache vidonge vya presha, ninywe sokonoi tu, kwa kuwa lebo ya ile poda imesema inatibu presha pia. Vidonge hivyo nilianza Septemba baada ya kupima nikakutwa juu. Nikamwambia shangazi lebo ile imesema na mvuto wa biashara, mbona wateja sijawaona.

Ikaja Kwaresima. Wanaojua kazi yetu wanajua Kwaresima ni ukame, na mwaka huu iliingiliana na Ramadhani, basi simu haiiti kabisa. Wiki sita sikushika maiki. Sikuingia ukumbini, sikuvuta moshi wa zile mashine za ukungu wanazowasha maharusi wakicheza, sikupaza sauti hata kwa watoto. Kama kikohozi kilikuwa cha kazi, kingeisha. Hakikuisha. Usiku ndiyo kikazidi, mume akahamia sebuleni. Nikarudi kwa yule kijana wa Msimbazi kununua vingine, akanitazama, akauliza, "Ni kile kile cha Novemba?" Nikasema ndicho. Akanifungia vipande vyangu, kisha akasema, "Mama, miezi mitano sasa unakohoa. Hospitali umeenda?"

Muuza magome ndiye aliyenipeleka hospitali. Nimekubali kuliandika.

Nilikwenda, na kwanza nikagombezwa. Kikohozi kikifika wiki mbili unatakiwa uwe umeshapima kifua kikuu, na kipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure, mimi nimekaa miezi mitano nikitafuna. Nikatoa makohozi, au tuseme nilijitahidi, maana hayakuwepo. Nikapigwa picha ya kifua. Nikiwa nasubiri majibu nikampigia kijana wangu, akaniambia pale SUA wanao panya buku waliofundishwa kunusa makohozi ya watu na kutambua TB, kazi hiyo wanaifanya Tanzania tangu 2007, na panya mmoja anapitia sampuli mia moja kwa kama dakika ishirini. Sikujua nicheke au nilie. Miezi mitano mimi na sokonoi yangu hatujui nina nini, na kuna panya Morogoro angenijibu kabla ugali haujaiva.

TB hakuna. Kifua safi. Daktari, binti mdogo tu, akafungua faili upya.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari. Sokonoi tu."

"Na hii ya presha?"

"Hiyo si dawa, hiyo naimeza kila siku."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza inaitwaje, nikatoa karatasi kwenye pochi: enalapril. Akacheka, lakini kwa heshima. Akanieleza kwamba dawa hiyo inakizuia kimeng'enya kinachosababisha mishipa ya damu kubana, ndiyo maana presha inashuka. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja kitu kingine mwilini kinachoitwa bradikinini. Kimeng'enya kikizuiwa, bradikinini inajikusanya, njia ya hewa inakuwa kama inatekenywa muda wote. Kati ya watu kumi wanaomeza dawa za jamii hiyo, mmoja hivi anakohoa, na wanawake tunashikwa zaidi. Inaweza kuanza wiki chache baadaye au miezi. Kikavu, cha kutekenya, kibaya zaidi usiku. Alikuwa anakielezea kikohozi changu kana kwamba alikuwepo Tabata siku ile.

Septemba nimeanza vidonge. Novemba baba mkubwa kasimama na suti. Hesabu ya darasa la tatu, na mimi sikuifanya, kwa sababu kila niliyemweleza, duka la dawa la kwanza, la pili, shangazi, mama wa mapishi, hata mimi mwenyewe, tulikuwa tunaangalia koo.

Akanibadilishia pale pale, akaniandikia losartan, akasisitiza nisiwahi kuacha cha presha kwa kichwa changu nikakaa mikono mitupu. Na sokonoi akaniomba niipumzishe mwezi mmoja. Si kwamba aliichukia. Alisema, "Ukitumia vyote kwa pamoja kikaisha, hutajua umshukuru nani." Wiki ya kwanza nilikohoa kama kawaida. Ya pili nikaanza kulala. Ya tatu mume akarudi chumbani na mto wake.

Sasa mtaniuliza, basi sokonoi maksi sifuri? Hapana. Mngekuwa mnaihukumu kwa kesi ya mwingine. Niliomba ifukuze kitu kilichokuwa kinaingizwa mwilini kila asubuhi na glasi ya maji, na bado ilinipa saa moja na robo ya sauti kila nilipoihitaji. Na mwenye nayo alishaniambia siku ya kwanza: itakutuliza, lakini kitarudi.

Niliipa kesi yake halali mwezi wa Julai. Baridi ya Dar, ile mnayoicheka nyie wa Mbeya, iliniletea mafua ya kweli, kifua kimejaa, makohozi mazito ya kijani, sauti kama ya chura. Nikatoa kipande kwenye kopo. Chai ya maziwa asubuhi na jioni, kutafuna mchana, supu siku ya pili. Ukitafuna na makohozi yapo ndipo unaielewa hii dawa: ule moto ukifika kooni, kifua kinaachia. Unakohoa mara tatu, nne, kinatoka, unapumua. Usiku nililala chali bila kukoroma kwa shida. Siku ya tano nilikuwa kanisani naimba alto. Mafua yangeisha yenyewe wiki ile ile, hilo nakubali, mafua huwa hayamgandi mtu milele. Lakini nimeugua mafua mengi maishani na haya ndiyo yaliyonitesa kidogo.

Kuna jambo moja linalonikera, na si kosa la kijana wangu wa Msimbazi. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti unakufa umesimama. Afrika Kusini wanao ndugu wa mti huu, Wazulu wanauita isibhaha, ulichunwa mpaka ukaadimika, hadi watu wa hifadhi ya Kruger wakaanza kuwagawia waganga miche na kuwahimiza watumie majani badala ya gome. Nilimuuliza kijana anapata wapi zake. Akasema kwao wazee wanachuna upande mmoja wa mti, mwingine wanauachia upone. Akanionyesha: vipande vyake vimepinda kidogo tu, kama kigae. Vile vilivyojikunja kabisa kama bomba, akasema, ni vya matawi membamba au miti midogo iliyovuliwa nguo yote. Tangu siku hiyo nachagua vigae. Kama hilo linaokoa mti sijui, lakini macho yangu yanatulia.

Maksi basi. Gome, kwa kikohozi cha mafua chenye makohozi: nane kwa kumi, mbili nimekata kwa ajili ya kiungulia na ulimi wa ganzi. Gome kwa sauti ya jukwaani: tisa. Kwa kikohozi kikavu cha muda mrefu: usinihesabie, pima kwanza, na uende na karatasi za dawa zako zote, hata zile unazodhani si dawa. Poda ya elfu nane: moja, kwa sababu ya picha ya simba, imechorwa vizuri.

Yule kijana anakaa upande wa kivuli mpaka saa nane mchana, baada ya hapo jua linamfikia anavuka barabara. Ijumaa hayupo. Mwambie umetumwa na MC wa mahawusi, atakucheka lakini atakuvunjia kipande cha kuonja. Nenda na hela ndogo ndogo, chenji huwa hana.